Nani alifuta jina la mama?

Butembo na Beni: jina la mhami likifutwa kwenye orodha, unga nao unapotea. Kijana mmoja anayetunza orodha hizo kwenye ordinatere alikuwa akiitwa tu mashini ikikwama. Akajifunza COBIT, kanuni za kusimamia kazi za ordinatere, akaandika ukurasa mmoja: nani afungue orodha, nani abadili jina, kila badiliko liandikwe na saa yake. Aliongeza kwamba sheria ya Kongo ya dijitali, ya tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu. Wakubwa walikubali bila kujali.

Siku ya ugawaji, mama aliyekimbia Eringeti akakosa jina lake. Wakatazama: limefutwa jana saa nane mchana, na aliyelifuta akajulikana. Mama akarudishwa siku hiyohiyo. Sasa kijana anaitwa mkutanoni kabla orodha haijafunguliwa. Mshahara umepanda, kidogo tu.