Sahani Kati ya Ndia Kuu na Kibokoni

Baada ya swala ya alasiri, Mji wa Kale wa Mombasa huanza kunukia. Ukitoka Ngome ya Yesu ukaifuata Ndia Kuu, hukupokea kwanza mafuta ya bajia na viazi karai. Mbele kidogo ni muhogo juu ya makaa, ukingojea ndimu, chumvi na pilipili. Kisha, ghafla, iliki ya halua. Mimi, nikiulizwa, ni mtu wa chumvi. Viazi karai kwa ukwaju vimenichelewesha safari nyingi za heshima, wala sijutii.

Mama yangu ni mtu wa sukari. Hupenda halua ile tuliyoshirikiana na watu wa Oman: wanga na sukari vikorogwe bila kupumzika katika sufuria kubwa ya shaba, samli itiwe kidogo kidogo mpaka ing'ae. Mdogo wake, akaaye Kibokoni, mwendo wa dakika chache kwa miguu, kwake kitamu ni kile chenye chumvi. Tangu utoto wangu mama akimpelekea bajia na katlesi, naye akimletea halua na visheti. Hapana sahani iliyorudi tupu.

Mwaka huu mama alipatikana na kisukari. Mwezi haukupita, mama mdogo naye akaambiwa presha imepanda, chumvi aiache. Sahani zikakoma. Mmoja angempelekea mwenziwe nini, ikiwa akipendacho ndicho kimdhurucho? Na sahani zilipokoma, ziara nazo zikapungua. Hilo lilinitia hofu kuliko maradhi yenyewe.

Alhamisi moja mama akanipa sahani iliyofunikwa kawa. Chini yake mlikuwa na kipande cha halua na karatasi iliyokunjwa.

"Mpelekee mama yako mdogo. Asome kwanza, ndipo ale."

Nilipiga hodi Kibokoni, nikamwamkia, akaitikia, akavaa miwani. Akasoma kwa sauti:

*Halua yenye iliki, zafarani na samli,*
*Moyo wangu hautaki, kitu cha kuibadili,*
*Tabibu haambiliki, kanitilia kufuli,*
*Ndugu, nionjee haki, kisha nambie ukweli.*

Akanyamaza kitambo. Kisha yeye, asiyependa tamu, akaimaliza halua yote polepole, kama mtu aliyekabidhiwa amana. Akaomba kalamu. Akanituma pia kwa muuza muhogo aliye kando ya njia, akisisitiza nichukue kipande kimoja tu, kilichokolea. Sahani ikarudi Ndia Kuu na majibu haya:

*Halua nimeionja, iliki naitambua,*
*Muhogo wangu wangonja, ndimu ukiikamua,*
*Ni chumvi walonipunja, ati presha yasumbua,*
*Onja, uso ukikunja, ladha yake nitajua.*

Mama alicheka kwa ule mstari wa mwisho, jambo ambalo sikuwa nimelisikia kwa wiki nyingi. Akamega muhogo kwa ncha za vidole, akatafuna. Pilipili ikamfika. Uso ukakunjamana mpaka macho yakapotea.

"Mwambie," akasema huku akitafuta maji, "chumvi imezidi."

Nikatoka tena, jua likielekea kuzama, nikampelekea mama mdogo habari hiyo kama ilivyo. Alifumba macho, akameza mate.

"Imezidi sana?"

"Sana, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. "Ndivyo hasa niipendavyo."