Nani alipiga ridhimu?

Wadau, leo naomba tuweke pembeni bei ya dhahabu na siasa za majukwaani. Kuna jambo la gitaa linanisumbua karibu mwaka mzima sasa, na nisipoliandika litanikosesha usingizi.

Lilianzia Katoro, mkoani Geita, kama saa mbili usiku, kwenye baa yenye viti vya plastiki na spika kubwa kuliko kaunta. Nilikuwa nimetoka Shinyanga alfajiri, nikapita Kahama na Kakola, nikafika mwili mzima vumbi. Ofisi ilinituma kuandika habari za wachimbaji wadogo na gharama za kusaga mawe kwenye karasha. Kazi ilipoisha nikakaa na vijana wawili wa duara niliokuwa nimewahoji mchana. Mara spika zikaachia "Sina Makosa".

"Unamsikia Wilson Peter anavyokung'uta hilo solo?" akasema mmoja. "Simba Wanyika hao."

"Acha uongo, hao ni Les Wanyika," akadakia mwenzake.

"Si ni walewale!"

Jamani, mnanijua. Nimekulia kwenye kaseti za zilipendwa za mzee wangu, halafu nikaongeza digrii juu yake. Nikajiona nimepata darasa. Nikawaeleza kwamba Simba Wanyika ilianzishwa Nairobi mwaka 1971 na ndugu wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, waliokuwa wamepitia Jamhuri Jazz ya Tanga na kisha Arusha Jazz. Wilson alipiga solo, George ridhimu. Mwaka 1978 baadhi ya wanamuziki wao wakajitoa na kuunda Les Wanyika, na hao ndio waliotoa "Sina Makosa". Wilson hakuwemo. Solo ni la John Ngereza, ambaye pia aliimba. Nikamaliza, nikanywa soda yangu kwa maringo.

Kumbe meza ya nyuma alikaa mzee mmoja, koti kubwa la ulinzi, tochi mapajani. Zamu yake ya kulinda karasha ilikuwa inaanza saa nne. Akaniuliza taratibu:

"Na ridhimu kapiga nani, kijana?"

Nikabaki natoa macho. Wimbo nimeusikia tangu sijaanza shule, ila swali hilo sikuwahi kujiuliza.

"Omari Shabani," akajijibu. "Walikuwa wanamwita Profesa. Wewe msomi, profesa humjui?"

Vijana wa duara walicheka mpaka mhudumu akaja kuangalia kuna nini.

Nikamsogelea, nikamwamkia vizuri. Shikamoo. Marahaba. Nikamuuliza kwa nini ridhimu, wakati kila mtu anasikiliza solo. Akawaonyesha wale vijana kwa kidole. "Hawa kule chini wana matimba. Magogo yanayozuia duara lisiwafukie. Dhahabu ikipatikana, umewahi kumsikia mtu akiyasifia matimba? Yanatajwa siku yakikatika. Ridhimu ni matimba. Solo linatembea kwa raha zake kwa sababu kuna mtu amesimama palepale, anarudia kitu kilekile, hachoki."

Tangu siku hiyo nikisikiliza "Sina Makosa" nasikia wimbo mwingine. Jaribuni. Achaneni na sauti, achaneni na solo, sikilizeni lile gitaa linalojirudia katikati, na besi ya Tom Malanga chini yake. Ukilitoa hilo gitaa, kinachobaki hakisimami.

Sasa kabla sijaendelea, niseme kwa nini ubishi wa namna hii huku kwetu hauishi. Wenzetu wa Ulaya na Marekani wakibishana nani alipiga gitaa kwenye wimbo fulani wa roki, mara nyingi wanaanzia kwenye jalada la santuri. Limeandikwa: huyu solo, huyu besi, huyu drams. Sisi muziki wetu mwingi wa dansi wa miaka ya 1970 na 1980 ulirekodiwa studio za Radio Tanzania Dar es Salaam. Bendi inaingia, inapiga kwa pamoja, inatoka. Utepe unabaki redioni. Zile nyimbo zilizofika kwenye santuri zilikwenda kutengenezwa Nairobi, na santuri ya nyimbo mbili haikuwa na nafasi ya kutaja kikosi kizima. Mtangazaji alitaja bendi na wimbo, pengine mtunzi au mwimbaji. Wa gitaa la pili nani amtaje?

Na wanamuziki wenyewe hawakutulia mahali pamoja. Mlimani Park ilipoanza mwaka 1978 ilikusanya watu kutoka bendi nyingine, akina Muhiddin Gurumo, Abel Balthazar, Joseph Mulenga na Cosmas Chidumule. Mwaka 1985 Gurumo na baadhi ya wenzake wakahamia Orchestra Safari Sound. Ukisikia gitaa unalolijua, huwezi kuapa ni bendi gani mpaka ujue ni mwaka gani. Kuna waliobadili hata chombo. Michael Enoch alipata jina kwa kupiga solo Dar es Salaam Jazz, halafu Mlimani Park wakamjua zaidi kwa saksofoni. Kwa hiyo ubishi wetu wa baa una sababu. Kilichopaswa kuandikwa kwenye karatasi tumekiacha kwenye kumbukumbu za watu, na watu wanaondoka.

Turudi Katoro. Ikafika saa tatu na nusu, mzee akasimama kwenda zamu. Nikamsindikiza. Njiani akaniambia kwamba na yeye alipiga ridhimu, kwenye bendi ya kiwanda kimoja, enzi zile mashirika ya umma yanamiliki bendi. Akataja wimbo. Wadau, wimbo huo mnaujua. Unapigwa kwenye vipindi vya zilipendwa mpaka leo. Mpiga solo wake anatajwa na kila mtu. Ridhimu, akasema mzee, ni yeye.

"Watoto wangu hawaamini," akasema. "Wanasema baba ana stori. Wewe ni mwandishi. Andika jina langu mara moja tu, wasome."

Usiku ule sikulala vizuri. Mchana wake nilikuwa nimeandika kwenye daftari jinsi mawe yanavyogawanywa duara likitema. Mifuko inapangwa: ya mwenye leseni, ya mwenye duara, ya wachimbaji. Wanagombana, ndiyo, lakini wanagombana kwa sababu kila mmoja anajulikana alikuwepo. Muziki nao una sheria yake, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na hiyo hakishiriki ndiyo inayomgusa mpigaji. Lakini utadai mfuko gani kama hakuna anayejua kwamba ulishuka shimoni?

Kesho yake nikampelekea wimbo kwenye simu. Tukakaa nje ya karasha, mashine zimezimwa, akaweka simu sikioni kama mtu anayepigiwa na ndugu wa mbali. Baada ya ubeti wa pili akainua kidole.

"Hapo. Umesikia?"

Sikusikia kitu. Akarudisha. Akarudisha tena. Mara ya nne nikasikia. Ridhimu ilikuwa na mlio mwembamba wa juu, kama mtu anayegonga gilasi kwa kijiko, na pale baada ya ubeti wa pili mlio ule unatoweka. Gitaa linaendelea, lakini limekuwa zito.

"Uzi wa kwanza ulikatika. Tulikuwa tumesharudia mara mbili, muda wa studio unaisha. Kiongozi akanikazia macho: endelea. Nikashuka kwenye nyuzi zilizobaki, nikamaliza hivyohivyo."

Nilirudi Shinyanga nikiwa na furaha ambayo sijawahi kuipata kwenye habari ya dhahabu. Nikamweleza mhariri. Akasikiliza, akaguna. "Hata mimi nikiusikiliza mara ishirini nitaisikia hiyo kasoro, halafu nitakuja na hadithi ya uzi. Tafuta mtu wa pili."

Alikuwa sahihi, na ndiyo iliyoniudhi.

Mtu wa pili nilimpata hapahapa mjini, Ngokolo, baada ya wiki tatu za kuuliza. Mzee aliyepiga tumba kwenye bendi hiyohiyo. Alinikaribisha vizuri, akaleta kiti, akasikiliza wimbo amefumba macho. Nikamuuliza kuhusu uzi kabla sijamtajia jina la mtu.

"Ulikatika, kweli kabisa," akasema. "Nakumbuka tulitazamana."

Moyo ukaruka. Nikauliza aliyekuwa na gitaa ni nani.

Akataja jina jingine.

Nikataja la mzee wa Katoro. Akatabasamu kwa upole. "Huyo alikuwa mwenzetu, ndiyo. Alipiga ridhimu kwenye dansi nyingi. Lakini safari ile ya Dar alikuwa anaumwa, akabaki. Aliyepiga ni yule niliyekutajia, na ameshafariki, Mungu amrehemu."

Nikarudi nyumbani na daftari langu. Niliwaza mengi. Huenda mzee wa tumba anachanganya safari mbili, maana bendi ilikwenda Dar zaidi ya mara moja. Huenda mzee wa Katoro alisimuliwa tukio la uzi na wenzake waliporudi, akaupiga wimbo ule jukwaani miaka mingi mpaka ukawa wake. Kichwa cha binadamu kinafanya hivyo bila kukusudia uongo. Nami nilikuwa katikati ya wazee wawili ambao wote nawaamini, na marehemu mmoja asiyeweza kusema neno.

Nikaandika. Nikaeleza habari ya Omari Shabani, habari ya nyuzi, habari ya tepe za redio. Jina la mzee wa Katoro nikaliandika kikamilifu, herufi kwa herufi. Maelezo ya mzee wa tumba nikayaweka. Na mbele ya maelezo ya mzee wangu nikaweka neno ambalo sisi waandishi tunaliweka kila siku bila hata kulifikiria: "anadai". Anadai kuwa ndiye aliyepiga ridhimu.

Gazeti lilipotoka nilinunua nakala mbili za ziada, nikazibeba mwenyewe safari iliyofuata. Nilimkuta mzee karashani. Akavaa miwani, akasoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alipofika kwenye jina lake akatulia. Nilifikiri atafurahi.

"Jina umelipatia," akasema. "Lakini mbona hapa umeandika nadai? Nakudai nini?"

Nikajaribu kumweleza kwamba ni lugha ya kazi, kwamba hatusemi muongo, tunasema tu haijathibitishwa. Nikajisikia ninavyosikika. Mwanamume amesimama nyuma ya wengine maisha yake yote akishikilia wimbo, siku anatolewa mbele anatolewa na neno tunalompa mtuhumiwa mahakamani.

Hakukasirika, na afadhali angekasirika. Alikunja gazeti mara nne, akalitia mfuko wa ndani wa koti.

"Watoto sitawaonyesha hili," akasema. "Siku utakayolitoa hilo neno, uandike tena. Kabla ya hapo, jina langu liache lipumzike."

Ndiyo maana hapa sijalitaja, wala wimbo sijautaja. Nimetii.

Marafiki zangu wa chumba cha habari wananiambia nilifanya kazi sawasawa. Najua. Nikilitoa neno lile bila ushahidi, nampa mzee aliye hai haki yake, au namnyang'anya marehemu ya kwake. Huenda naye ana watoto wanaosikiliza zilipendwa Jumapili na kuambiana: huyo ni baba. Siwezi kumlipa mmoja kwa mfuko wa mwingine kwa sababu tu huyu nilikunywa naye chai.

Lakini najua pia kwamba mwaka ule, ndani ya studio ile, mtu mmoja akiwa na kalamu angeweza kuandika majina ya wote kwa dakika mbili. Solo fulani, ridhimu fulani, besi fulani, tumba fulani. Dakika mbili hizo hazikupatikana, na deni lake tunalilipa sisi.

Kwa hiyo naendelea kutafuta. Kila nikienda Kahama, kila nikienda Geita, nauliza nani alikuwemo kwenye bendi ile. Na wewe ukienda kumsalimia mjomba au babu aliyewahi kushika gitaa, usimuulize tu bendi gani. Muulize wimbo gani, mwaka gani, na alisimama na nani kulia na kushoto. Andika tarehe juu ya karatasi.

Usiku, nikimaliza kazi, nausikiliza ule wimbo. Sasa siwezi kuusikia bila kusubiri pale baada ya ubeti wa pili. Uzi unakatika, na mtu, yeyote yule alikuwa, anashuka kwenye nyuzi zilizobaki na kuendelea.