Nani Aruhusiwe Kuimba? Tafakuri ya Mwanaisimu juu ya Opera, Elimu na Lugha za Kiafrika

1.0 Utangulizi

Makala haya hayakusudii kutoa matokeo ya utafiti wa uwandani. Ni tafakuri ya mtu aliyefundisha fonolojia kwa zaidi ya miaka ishirini, na ambaye siku moja alitoa uamuzi anaouona leo kuwa haukuwa wa haki. Kwa kuwa uamuzi huo ulitolewa kwa jina la taaluma yetu, naona ni wajibu kuujadili mbele ya wanataaluma wenzangu.

Miaka kadhaa iliyopita mwanafunzi mmoja wa shahada ya uzamili alileta pendekezo la tasnifu. Alitaka kuchunguza namna matini ya Kiswahili inavyoweza kuwekwa katika muziki wa opera ya Kiitaliano bila kuvuruga mkazo wa maneno. Mimi ndiye niliyekuwa mwenyekiti wa kamati. Niliandika pembeni mwa ukurasa wa kwanza sentensi mbili: "Hili si suala la isimu. Aidha, opera si sanaa yetu." Mwanafunzi yule hakubisha. Alibadili mada, akaandika juu ya viambishi vya njeo, akafaulu, akaenda zake kufundisha sekondari. Katika makala haya nitajaribu kuonyesha kwamba sentensi zangu zote mbili zilikuwa na kasoro, na kwamba kasoro ya pili ndiyo iliyozaa ya kwanza.

2.0 Sauti Zilizokuwapo

Niliposema kwamba opera si yetu, sikujua kwamba nilikuwa nikirudia hoja ya watu ambao nisingependa kufananishwa nao. Afrika ya Kusini inatupatia mfano ulio wazi. Mwaka 1933 kilianzishwa katika mtaa wa District Six, Cape Town, kikundi cha utamaduni kilichoitwa Eoan Group. Wanachama wake walikuwa wa jamii iliyoitwa "machotara" na sheria za ubaguzi wa rangi. Mwaka 1956, chini ya uongozi wa Joseph Manca, kikundi hicho kiliigiza La Traviata ya Verdi kwa Kiitaliano katika ukumbi wa jiji. Waimbaji hawakuwa wasomi wa muziki. Walikuwa watu wa viwandani, washona nguo na watumishi wa majumbani, na wengi walijifunza sehemu zao kwa kusikiliza na kukariri baada ya kazi za mchana.

Hapana budi tuseme pia upande wa pili wa historia hiyo. Ili kiendelee kuwapo, kikundi kilipokea fedha kutoka idara ya serikali iliyosimamia mambo ya jamii hiyo, kikakubali kuimba mbele ya watazamaji waliotengwa kwa rangi. Wapo wananchi wenzao waliowaona kuwa wasaliti. Mwaka 1966 District Six yenyewe ilitangazwa kuwa eneo la Wazungu, na watu zaidi ya 60,000 wakahamishwa kwa nguvu. Jumba la opera la Nico Malan lilipofunguliwa mwaka 1971 katika jiji hilohilo, lilikuwa la Wazungu peke yao. Watu wa rangi nyingine waliruhusiwa kuingia mwaka 1975.

Msomaji ataona kwamba tatizo la waimbaji hawa halikuwa kipaji wala mapenzi. Walipewa nafasi ya kuonekana jukwaani kwa masharti, lakini hawakupewa shule. Onyesho bila elimu ni mgeni aliyekaribishwa barazani akanyimwa ufunguo wa nyumba.

3.0 Elimu na Herufi Saba

Nilipata bahati ya kwenda Cape Town kwa ajili ya kongamano la isimu. Jioni moja mwenyeji wangu alinipeleka kusikiliza mazoezi ya wanafunzi wa uimbaji. Nilikaa nyuma ya kijana mmoja mwenye sauti ya besi. Juu ya nota za mistari mitano, katika kitabu chake cha Verdi, alikuwa ameandika kwa penseli herufi ndogo: d, r, m, f, s, l, t. Nilishtuka. Hizo ndizo nota za solfa nilizofundishwa katika kwaya ya kanisa nilipokuwa mtoto, zikiandikwa kwa chaki ubaoni na mwalimu ambaye hakuwahi kumiliki kinanda. Mimi pia ni besi. Nilipomwuliza kijana yule kwa nini anaziandika, alinijibu kwa heshima: "Baba, hii ndiyo lugha niliyoanza nayo."

Jibu hilo lilinifundisha zaidi ya mada nyingi za kongamano. Solfa ililetwa na wamisionari wa karne ya 19 kwa sababu ilikuwa rahisi kuichapisha na kuifundisha. Ilienea kusini mwa Afrika kama ilivyoenea kwetu. Mashindano ya kwaya ya kule yaliingiza vipande vya opera miongoni mwa nyimbo za kushindaniwa, hivyo watoto wa vitongoji vya Waafrika wakazoea Verdi na Mozart hata kabla hawajaona jumba la opera. Kutokana na msingi huo, katika miaka ya 1990 taasisi za opera na vyuo vya muziki vilipoanza kuwatafuta waimbaji katika kwaya, havikuanza na watu wasiojua kitu. Vilikuta hazina ambayo havikuwa vimeihesabu.

Matunda yake yanajulikana. Pretty Yende, aliyezaliwa Piet Retief mwaka 1985, alisikia kipande cha Lakmé ya Delibes katika tangazo la shirika la ndege kwenye televisheni akiwa na umri wa miaka kumi na sita, akamwuliza mwalimu wake kitu kile ni nini. Mwalimu alijua jibu. Binti akaenda kusoma Chuo Kikuu cha Cape Town, na mwaka 2013 akaimba kwa mara ya kwanza katika jumba la Metropolitan la New York. Mara nyingi kisa hiki husimuliwa kama muujiza wa kipaji. Mimi naona kiini chake kiko kwa yule mwalimu. Binti aliuliza swali, na aliyeulizwa hakumwambia kwamba kitu kile si chake.

4.0 Lugha: Suala Nililolikana

Sasa nirejee kwenye sentensi yangu ya kwanza. Opera ya kwanza kubwa kwa lugha ya Kizulu, Princess Magogo kaDinuzulu, ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Durban mwaka 2002. Inahusu maisha ya binti mfalme Magogo (1900–1984), mwimbaji na mpigaji wa ugubhu, upinde wenye kibuyu. Mtunzi wake, Mzilikazi Khumalo (1932–2021), alikuwa profesa wa lugha za Kiafrika katika Chuo Kikuu cha Witwatersrand, na utafiti wake wa uzamivu ulihusu fonolojia ya Kizulu. Kwa maneno mengine, alikuwa mwanaisimu kama mimi. Nilipolitambua jambo hili, nilikumbuka wino wangu pembeni mwa ukurasa.

Haikuwa sadfa kwamba kazi hiyo ilifanywa na mwanafonolojia. Kizulu ni lugha ya toni, na ziko konsonanti zake zinazoshusha kidatu cha silabi. Mtunzi akipandisha sauti mahali ambapo lugha hushuka, msikilizaji husikia neno lililopotoka. Kiswahili hakina toni ya namna hiyo, lakini kina mkazo, na mkazo unaweza kubadili maana: barabara ya kupita magari si barabara ya mambo kwenda sawasawa. Mwanafunzi wangu alikuwa ameliona hilo. Alieleza kwamba Kiswahili na Kiitaliano hufanana kwa wingi wa silabi zinazoishia kwa irabu, na kwamba katika lugha zote mbili mkazo hupenda kukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Lakini washairi wa Kiitaliano hufunga ubeti kwa neno lenye mkazo mwishoni, na muziki huangusha pigo zito papo hapo. Kiswahili kina maneno machache mno ya kubeba pigo hilo. Je, mfasiri afanyeje? Atumie maneno ya silabi moja? Abadili muziki? Hilo lilikuwa swali la isimu kwa kila kipimo, nami sikulisoma kwa kuwa nilikwisha kuamua ni swali la watu wengine.

Hapa pana funzo linalovuka mipaka ya lugha. Jumba la Metropolitan lilifunguliwa mwaka 1883. Mwimbaji Mwafrika wa Marekani, Marian Anderson, alipewa nafasi ya kuimba humo mwaka 1955. Opera iliyotungwa na Mwafrika wa Marekani, Fire Shut Up in My Bones ya Terence Blanchard, iliimbwa humo mwaka 2021. Kutoka kukubali sauti hadi kukubali kalamu ilipita miaka 66. Uwakilishi, basi, hauishii kwenye sura ya aliye jukwaani. Hutufikisha kwenye swali la nani anatunga, na kwa lugha gani.

Wala sisi si wageni wa swali hilo. Taarab ya kasri la Unguja iliimbwa kwa Kiarabu. Siti binti Saad (1880–1950), mwanamke wa asili ya kitumwa kutoka Fumba, aliiimba kwa Kiswahili, na mwaka 1928 akaenda Bombay kurekodi santuri. Leo hakuna anayesema taarab si yetu.

5.0 Hitimisho

Sidai kwamba kila idara ya Kiswahili ianzishe kozi ya opera. Wala sisahau kwamba opera ina gharama kubwa, na kwamba ngoma na majigambo yetu yanahitaji watafiti. Ninachodai ni kidogo zaidi, ila ni kigumu: tunapokaa katika kamati, tusichanganye mpaka wa taaluma na mpaka wa mazoea yetu. Mimi niliimba solfa utotoni, kisha nikamwambia mwenye kuitaka njia hiyohiyo kwamba haimhusu.

Mwaka jana nilimwandikia mwalimu yule wa sekondari, nikamwomba radhi na kumwuliza kama bado analo pendekezo lake. Alijibu kwa ufupi. Pendekezo lilipotea alipohama nyumba, alisema, lakini kwaya yake ya shule inajifunza kipande kimoja cha Verdi, kwa Kiswahili, na mwisho wa ubeti bado unamsumbua. Aliniuliza kama ninalo neno la silabi moja lenye maana ya uhuru. Sinalo. Nimeanza kulitafuta.