Ndege ya Sebuleni

Binadamu hakupewa mabawa, lakini alipewa macho ya kuwatazama wenye mabawa na moyo wa kuwaonea wivu. Tangu kale amemtazama mwewe akielea juu ya mashamba, akatamani kuijua siri yake. Tamaa hiyo haikutimia ila kwa jasho la watu wengi. Mwaka 1907, huko Ufaransa, Louis Breguet na wenzake walitengeneza chombo chenye sehemu nne za kuzungukia, nacho kiliinuka kidogo tu kutoka ardhini huku watu wakikishikilia kisipinduke. Tarehe 4 Mei 1924 Mfaransa mwingine, Étienne Oehmichen, alikirusha chombo chake katika mzunguko wa kilomita 1 kwa dakika 7 na sekunde 40. Dunia ilistaajabu. Leo chombo cha ukoo huohuo, kilichopunguzwa hata kikaenea kiganjani, huuzwa dukani kwa bei ya jozi ya viatu, na muda wake wa kuruka haupitani sana na ule wa Oehmichen.

Chombo hiki huitwa ndege isiyo na rubani, na wengi hukiita droni. Nataka kukueleza, msomaji, namna ya kuichagua droni ya kwanza: ya bei nafuu, ya mtu anayeanza, ya kuchezea ndani ya nyumba. Labda utasema kuwa jambo hili ni dogo, halistahili karatasi na wino. Lakini fedha ya mwanafunzi huja kwa shida na hutoka kwa urahisi, na hasara ndogo kwa tajiri ni msiba kwa mwenye kidogo. Tena kitu cha kwanza tunachokinunua kwa jasho letu hutufundisha ama kuyaamini macho yetu ama kuyashuku.

Methali husema mchagua jembe si mkulima. Methali hii huwakemea wavivu, nayo ni kweli shambani, ambako kila jembe hulima. Katika soko la droni mambo ni mengine, maana yako majembe mengi yaliyotengenezwa ili yatazamwe tu. Hapo asiyechagua halimi.

Kwanza yafaa ujue droni hurukaje, kwa kuwa asiyejua kazi ya kitu hawezi kujua thamani yake. Droni ya kawaida ina rafadha nne, yaani mapanga madogo yanayozunguka kama ya feni, na kila moja ina mota yake. Rafadha mbili huzunguka kufuata mwendo wa mishale ya saa, na mbili huzunguka kinyume chake. Sababu yake ni kwamba rafadha inapozunguka upande mmoja, hukisukuma kiwiliwili cha chombo kizunguke upande wa pili. Zikiwa mbili kwa mbili, misukumo hiyo huuana, na chombo hutulia. Rafadha za nyuma zikiongezwa kasi na za mbele zikapunguzwa, chombo huinama mbele na kwenda mbele. Ndani yake kimo kidude kiitwacho jairoskopu, ambacho huhisi kila mwinamo, na ubongo mdogo wa umeme hurekebisha kasi za mota mara nyingi katika sekunde moja. Kazi iliyomtoa Oehmichen jasho hufanywa na kipande chepesi kuliko sarafu.

Sasa nitakueleza habari za mpwa wangu, maana ndizo zilizonifanya niandike. Kijana huyu alikuwa kidato cha pili, na alikuwa amefuga sungura kwa likizo mbili hata akapata shilingi 6,500. Mama yake, ambaye ni dada yangu, alitaka fedha hizo zinunue viatu vya shule na akiba iwekwe. Kijana alitaka droni. Mabishano yao yalikuwa ya heshima lakini marefu, na mwishoni dada yangu alisema, "Haya, fedha ni zako. Lakini ikivunjika wiki ya kwanza, usiniombe tena ruhusa ya kuamua jambo lolote la fedha mpaka umalize shule." Kwa hiyo kijana hakwenda Nairobi kununua mchezo tu, alikwenda amebeba haki yake ya kuaminiwa. Akaniomba nifuatane naye.

Katika duka la kwanza mwuzaji alitutolea sanduku kubwa lenye picha za milima na bahari. Alitusifia kamera yake, umbali wake wa kwenda, na dakika zake nyingi za kuruka. Mpwa wangu alikuwa ameandika maswali matatu katika karatasi, akauliza la kwanza: "Ina uzito gani?" Mwuzaji hakujua, na sanduku halikusema. Akauliza la pili: "Rafadha ikivunjika, nitapata nyingine hapa?" Mwuzaji akacheka akasema kuwa kitu kizuri hakivunjiki. Kijana alikunja karatasi yake, akanitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Mjomba, twende." La tatu hakuliuliza.

Nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi kumpa fedha. Vyote ving'aavyo si dhahabu, na sanduku si ndege.

Maswali yale matatu ni mema, nami nitayaeleza, kisha niongeze machache. La uzito ndilo la kwanza, kwa sababu ndani ya nyumba hakuna upepo wa kupambana nao, bali kuna kuta, meza, kioo cha kabati na macho ya watu. Droni nzito hugonga kwa nguvu. Nyepesi hugonga na kuanguka bila madhara makubwa. Chagua ile inayokaa kiganjani, yenye uzito wa makumi ya gramu, wala si mamia. Tena iwe na kinga zinazozizunguka rafadha zote nne, kama ukingo unavyozunguka kisima. Kinga humwokoa mwenye kugongwa na huiokoa rafadha yenyewe.

Swali la pili ni la vipuri. Yeyote anayejifunza ataanguka, na kinachovunjika kwanza aghalabu ni rafadha. Kwa hiyo bei ya droni si ile iliyobandikwa tu. Ni bei ya kuinunua pamoja na bei ya kuanguka kwake. Droni ya shilingi 4,000 isiyo na vipuri ni ghali kuliko ya shilingi 6,000 inayoponyeka kwa rafadha ya bei ndogo. Lakini kumbuka kuwa rafadha haziko sawa: mbili ni za mzunguko huu na mbili za mzunguko ule, na mara nyingi hutiwa alama A na B. Ukiibandika mahali pasipo pake, chombo kitapinduka badala ya kupaa.

Swali la tatu, ambalo mwuzaji yule hakulisikia, lilikuwa la betri: ngapi, na dakika ngapi? Droni ndogo za bei nafuu nyingi huruka kwa dakika 5 mpaka 10, kisha betri yake huhitaji muda mrefu zaidi wa kuchajiwa kuliko ule wa kuruka. Anayekuahidi nusu saa kwa bei ya chini mwombe airushe mbele yako. Ni heri kupata chombo chenye betri mbili au tatu kuliko chenye betri moja na maneno mengi. Betri hizi ni za lithiamu, nazo zina hasira. Usizichaji ukiwa umelala au umetoka, usizitoboe, na ile iliyovimba usiitumie tena kabisa.

Kwa maswali hayo niongeze la nne: je, chombo kinaweza kujishika kimo? Droni nyingi za siku hizi zina kidude kinachopima mgandamizo wa hewa, na kwa hicho hukaa katika kimo kimoja hata ukiachia vijiti vya kuongozea. Kwa anayeanza hiyo ni neema, maana akili yake hubaki huru kushughulika na mbele, nyuma, kulia na kushoto. Nyingine zina jicho dogo chini ya tumbo linaloitazama sakafu ili zisielee ovyo. Hizo hutaka mwanga wa kutosha na sakafu yenye madoa au nakshi, kwa kuwa sakafu nyeupe inayong'aa huzichanganya.

Kama ilivyo lazima kujua cha kulipia, ndivyo ilivyo lazima kujua cha kutolipia. Usilipie umbali wa mita mia kadhaa ikiwa sebule yako ina mita 5. Usilipie uwezo wa kujiongoza kwa setilaiti, kwa kuwa chini ya paa ishara zake hazifiki vyema. Kamera ya bei ya chini huongeza uzito na kupunguza dakika, na picha zake mara nyingi hazistahili kutunzwa. Kama una fedha zaidi, yafaa ulipie elimu. Ryze Tello, iliyotolewa mwaka 2018 kwa dola 99 za Marekani, ilikuwa na uzito wa gramu 80 hivi, na mwanafunzi aliweza kuiongoza kwa programu alizoziandika mwenyewe. Chombo cha namna hiyo ukikipata, hata kilichokwisha kutumika, ni mchezo na darasa pamoja.

Mpwa wangu alipata alichokitaka katika duka la tatu: droni ndogo kama kisahani cha kikombe, yenye kinga nne, betri mbili na mfuko wa rafadha za akiba. Haikuwa na picha za milima sandukuni. Ilimgharimu shilingi 5,200, na zilizobaki alimrudishia mama yake mkononi bila kuulizwa.

Kisha kazi ilianza. Siku ya kwanza ilipanda ikagonga dari, kwa maana droni inapokaribia dari hewa huivuta juu. Siku ya pili ilijificha nyuma ya pazia. Siku ya tatu iliangukia bakuli la uji la bibi yetu, naye bibi aliiokota kwa kijiko akasema kuwa inzi huyu amezidi ukubwa. Rafadha moja ilivunjika, ikabadilishwa. Jambo lililomsumbua kijana zaidi ni lile linalowasumbua wote: droni ikikupa mgongo, kulia kwake ni kulia kwako, ikikugeuzia uso, kulia kwake ni kushoto kwako. Ziko droni zenye kitufe cha kuondoa shida hiyo, lakini yeye alikataa kukitumia. Alisema anayejifunza kwa gongo atatembea na gongo. Baada ya wiki tatu aliweza kuizungusha meza ya chakula bila kugusa kiti, kisha kuitua juu ya kitabu. Dada yangu alitazama mlangoni, hakusema neno. Lakini mwezi uliofuata alimpa fedha za sare za wadogo zake, akamwambia aende dukani peke yake.

Unapofika kiwango hicho, msomaji, utasikia dirisha likikuita utoke nje. Hapo simama kidogo. Nje kuna upepo unaoweza kuichukua droni nyepesi usiione tena, na tena kuna sheria. Nchini Kenya mambo haya yamo mikononi mwa Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kanuni za mwaka 2020 zinahusu usajili na vibali vya ndege zisizo na rubani. Uliza, pamoja na mzazi wako, kabla hujalipa wala kuagiza chochote kutoka ng'ambo. Kuuliza hakutozwi kodi. Usidhani kuwa sheria hii ni adui wa mchezo. Anga moja hupitisha ndege za abiria, na anga hiyohiyo, huko Rwanda, tangu mwaka 2016 imepitisha droni zinazopeleka damu kwenye hospitali za mbali. Njia inayopitisha uhai wa watu haifai kuchezewa.

Yako mambo mengi mazuri ambayo hatuyajaribu kwa kuogopa kuanguka, na yako mengine tunayoyaanza kwa vyombo visivyoweza kuanguka mara mbili. Kwa hiyo utakapokwenda dukani usitafute droni itakayokufanya uonekane bingwa siku ya kwanza. Tafuta ile itakayoukubali ujinga wako kwa siku ishirini na bado iruke siku ya ishirini na moja. Hiyo ndiyo yenye bei nafuu, hata kama ile ya pembeni yake imepunguzwa shilingi elfu.