Safari ya Kidepo: Siku Mto Ulipotusimamisha

Chama chetu si kikubwa. Kina wanachama wapatao ishirini wa hapa Kampala na viunga vyake, na kila mmoja ana gari la kazi ngumu, lile ambalo injini yake huyavuta magurudumu yote manne. Baadhi yetu ni askari na polisi waliostaafu, wengine ni mafundi wa magari, yumo mwalimu mmoja, na wamo vijana wawili wafanya biashara. Lugha ya chama ni Kiswahili, kwa kuwa wengi wetu tulijifunza udereva na Kiswahili kwa pamoja, kambini, kwa mwalimu yule yule. Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi hukutana tukapika, watoto wakacheza, na magari yakafunguliwa boneti na kuchunguzwa kama wagonjwa.

Msomaji aweza kuuliza: mtu aliyeendesha lori la jeshi kwa miaka mingi anatafuta nini tena porini, kwa hiari yake na kwa fedha yake mwenyewe? Mke wangu aliniuliza swali hilo kwa miaka minne, na muda wote huo hakukubali kufuatana nami. Safari ninayoisimulia hapa, ya Mei 2019, ndiyo iliyompa jibu. Nami pia ilinipa langu.

Magari yetu na desturi zetu

Magari tunayoyapenda yana historia inayofanana na yetu. Land Rover lilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam mwezi Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, chuma cha pua kilikuwa adimu Uingereza, na kwa sababu hiyo bodi lake likatengenezwa kwa alumini. Gari lililokusudiwa kwanza kwa wakulima likawa gari la majeshi na polisi katika nchi nyingi. Toyota nao, mwaka 1951, walilipandisha gari lao la mfano katika mlima Fuji hadi kituo cha sita, na polisi wa Japani walipoona hivyo wakaagiza magari ya namna hiyo kwa ajili ya doria. Mwaka 1954 gari hilo likapewa jina la Land Cruiser. Kwa hiyo polisi anayelisuguasugua gari lake kuukuu siku ya Jumamosi asichekwe. Anamtunza mwenzake wa kazi.

Desturi za chama ni chache, lakini hazivunjwi. Ya kwanza, msafara huenda kwa mwendo wa gari la mwisho, si la mbele. Ya pili, kila dereva humtazama wa nyuma yake katika kioo, asipomwona, husimama. Ya tatu, gari la mwisho hubeba fundi, mnyororo wa kuvutia, jeki na beleshi. Ya nne, kila mke na kila kijana aliyetimiza miaka kumi na minane hufundishwa kubadili gurudumu, maana shida haichagui nani ameshika usukani. Chakula hupikwa chungu kimoja, na hakuna anayekula kabla ya watoto.

Toka Kampala mpaka Orom

Tuliondoka magari saba, watu ishirini na sita, alfajiri ya Ijumaa. Safari ya Kidepo kwa njia ya Gulu ni kilomita zinazokaribia 600. Tulipita Luweero, na kufika Karuma adhuhuri, mahali ambapo Nile hupita chini ya daraja kwa kishindo na nyani hukaa kando ya barabara kama maofisa wa ushuru. Usiku tulilala Kitgum. Asubuhi tukaagana na lami, tukapunguza upepo wa matairi kidogo ili yakanyage vizuri, tukaelekea mashariki kwenye vilima vya Orom.

Hapo mke wangu akaniambia, "Baba watoto, tangu jana husemi neno."

Alisema kweli. Barabara hizo za Kitgum nilizijua tangu zamani, lakini nilizijua kupitia kioo cha lori. Vita vya kaskazini, vilivyoanza katika miaka ya 1980, viliwatoa watu majumbani; mwaka 2005 karibu watu milioni 1.8 walikuwa wakiishi katika makambi. Mapigano yalisimamishwa kwa makubaliano yaliyotiwa sahihi Juba Agosti 2006. Kabla ya hapo sisi madereva tulikwenda kwa misafara yenye ulinzi, na amri ilikuwa moja: usisimame. Kusimama kulikuwa kuialika risasi.

Siku moja ya mwaka 2003 mwanamke mwenye mtoto mgongoni alisimama kando ya barabara, akapunga kitambaa. Nilikanyaga mafuta. Nilimwona katika kioo, kisha vumbi likamfunika. Sikukosea kijeshi. Malori yaliyokuwa nyuma yangu yalijaa watu, na wote walifika salama. Lakini miaka kumi na sita baadaye nilikuwa bado natazama kioo kile, na jambo hilo sikuwahi kumwambia mtu. Nilimwambia mke wangu asubuhi ile, kati ya Kitgum na Orom, watoto wakiwa wamelala kiti cha nyuma. Hakunijibu. Aliweka mkono wake juu ya gia, juu ya mkono wangu.

Mto

Ilipata saa tisa alasiri tulipofika penye korongo moja kabla ya Karenga. Kiangazi ni mchanga mtupu, na mtoto aweza kulivuka akichezea mpira. Siku ile mvua ilikuwa imenyesha vilimani, mbali na macho yetu, na maji yalikuwa yakishuka rangi ya chai ya maziwa, yamebeba matawi.

Kiongozi wetu, mzee aliyekuwa fundi wa magari ya polisi, alikata fimbo ndefu, akaitia alama kwa kisu, akaichomeka ukingoni. Kijana mmoja mfanya biashara, ambaye gari lake lilikuwa jipya kuliko yote, alisema, "Afande, gari langu lina bomba la kuvutia hewa juu ya paa. Niacheni nipite, kisha niwavute kwa winchi."

Mzee akamjibu, "Mwanangu, bomba hilo huizuia injini isinywe maji. Haliyazuii maji yasilichukue gari." Kisha akatueleza wote, watoto wakisikiliza: maji yanayokwenda kasi, yakifika kina cha sentimita 60 tu, yana nguvu ya kuchukua hata gari zito, kwa kuwa yanaliinua huku yanalisukuma. Na injini ikivuta maji badala ya hewa, vyuma vyake vya ndani hupinda, na safari huishia hapo. Makorongo ya namna hiyo hujaa upesi na kupungua upesi. Dawa yake ni subira.

Tukageuka nyuma ili tukalale Orom. Hatukufika mbali, kijito tulichokuwa tumekivuka saa mbili kabla nacho kilikuwa kimefurika. Basi tukarudi, tukatandaza maturubai mahali palipoinuka, mbali na maji, tukawasha moto. Watoto walipewa kazi ya kuisoma fimbo kila nusu saa na kuandika katika daftari.

Haikupita muda watu wa jirani wakatujia kutazama kulikoni. Mama mmoja mzee alileta chungu cha malakwang, mboga chachu zilizoungwa kwa njugu zilizosagwa, na wake zetu wakampa sukari na sabuni. Mwenzetu anayejua Kiacholi akawa mkalimani. Mzee yule alieleza jinsi walivyorudi kutoka kambini na kukuta njia za mashamba zimemezwa na msitu, na jinsi walivyoitambua mipaka kwa miti ya zamani iliyobaki, ile izaayo mafuta ya kupaka na kupikia. Barabara ile nilikuwa nimeipita mara nyingi kuliko nyingi nyinginezo, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuzungumza na mtu anayeishi kando yake.

Usiku wa homa

Saa tatu usiku alikuja mwanamke kijana akisindikizwa na kaka yake mwenye baiskeli. Mtoto wake wa miezi minane alikuwa na homa kali. Walikuwa wakienda kituo cha afya cha Karenga, na mto uliotuzuia sisi uliwazuia wao pia.

Kijana wetu mwenye gari jipya akasimama. "Sasa Afande, hata kwa hili tutangoja?"

Kila mtu alinyamaza. Nakiri kwamba moyo wangu ulikuwa upande wa kijana. Nilikuwa nimekwisha kumwacha mwanamke na mtoto kando ya barabara mara moja katika maisha yangu. Nikatoa ufunguo mfukoni.

Mzee alinitazama mimi, si kijana. "Ukimtia mtoto huyu mtoni gizani, utakuwa umemwokoa kutoka kwa nini? Kaa chini. Safari hii kusimama si kumwacha."

Mke wa mwanachama mmoja ni muuguzi. Alimpima mtoto, akampunguzia nguo, akampangusa kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, akampa dawa ya homa ya watoto kwa kipimo cha uzito wake, akamhimiza mama anyonyeshe mara kwa mara. Mke wangu alikaa nao hemani hadi asubuhi. Nami nilikaa ukingoni na kurunzi, nikaisoma fimbo badala ya watoto waliokwisha kulala. Saa sita, maji palepale. Saa nane, alama moja imetokeza. Saa kumi, alama tatu. Sikumbuki zamu yoyote ya ulinzi niliyoishika kwa makini kama ile.

Kulipopambazuka maji yalikuwa yametulia na kushuka. Mzee alifungwa kamba kiunoni, akaingia kwa miguu huku akipapasa chini kwa fimbo, akavuka hadi ng'ambo. Maji hayakumpita magoti, na chini palikuwa pagumu. Akarudi akaniambia, "Gari lako ndilo zito. Mchukue mama."

Mke wangu alishuka katika kiti chake cha mbele, akamkalisha yule mama, naye akaenda nyuma na watoto wetu. Nilitia gia ya nguvu, nikaingia polepole bila kusimama na bila kubadili gia, mnyororo ukiwa umefungwa nyuma yangu kwenye gari la pili. Baada ya dakika moja tulikuwa ng'ambo. Kabla jua halijapanda sana tulikuwa Karenga. Mtoto alipimwa, akakutwa na malaria, akaanza matibabu. Yule mama alinishika mkono kwa mikono yake miwili. Nilitaka kumweleza kwamba deni lilikuwa langu, lakini mkalimani alikuwa gari la nyuma.

Kidepo

Tulifika hifadhini siku moja baadaye kuliko tulivyopanga, na wawili kati yetu walinung'unika kwa ajili ya malazi waliyokwisha kulipia. Manung'uniko yalikwisha tulipolitazama bonde la Narus. Hifadhi ya Kidepo, iliyoanzishwa mwaka 1962, ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,442, na milima inayoizunguka huendelea mpaka Sudani Kusini. Tuliona nyati wasiohesabika, twiga, pundamilia, na simba aliyelala juu ya mwamba. Tulikwenda hadi mto Kidepo wenyewe, ambao sehemu kubwa ya mwaka ni njia pana ya mchanga mweupe katikati ya mivumo. Mwanangu mdogo aliuangalia mchanga ule kwa mashaka, akauliza kama tumeleta fimbo.

Jioni ya mwisho, kando ya moto, kijana mwenye gari jipya alimwendea mzee wetu, akapiga magoti kidogo kama ilivyo adabu ya nyumbani kwao, akasema, "Mzee, nilikuwa nimekosa." Mzee akamjibu kwamba mwenye haraka ya kumsaidia mtu hakukosa, alikosa saa tu.

Ndugu msomaji, wengi wetu tuliovaa sare tulifundishwa kupita: kupita haraka, kupita salama, kufika. Ni mafunzo mema, na yameokoa maisha. Lakini nchi haijulikani kwa kupitwa. Kama unalo gari linaloweza njia mbaya, jiunge na wenzako, mchukue mama watoto na watoto, nenda sehemu uliyoijua wakati wa shida. Beba maji, beba dawa, beba mnyororo. Na mto ukikusimamisha, usiukasirikie.

Mke wangu sasa ndiye mweka hazina wa chama. Katika safari iliyofuata, fimbo yenye alama aliikata yeye.