Njia ya Kipini na Kioo cha Taa

Atokaye Mombasa kwenda Kipini huvuka mito miwili mikubwa, Sabaki kisha Tana, ndipo afike pale Tana yenyewe inapoumaliza mwendo wake baharini. Lami humchukua akapita Kilifi na Malindi, akayaacha mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni, akafika Garsen na kuendelea hadi Witu. Baada ya Witu, siku tuliyosafiri sisi, njia ilikuwa ya udongo, na mvua ilikuwa imekwisha kuutangulia mguu wetu.

Safari hii haikuwa ya matembezi. Mama yangu mzazi alianguka jikoni akavunjika nyonga, na daktari aliyemruhusu kurudi nyumbani alituonya kwamba asilale tena kitanda cha chini. Tukamnunulia kitanda kirefu na godoro gumu, tukavifunga kwa turubai nyuma ya pikapu ya baba watoto.

Pikapu hiyo ilikuwa na taa za ziada za aina tatu: mbili kali juu ya bampa, mbili za ukungu chini yake, na moja ya nyuma ya kupakulia mizigo. Kila moja ilikuwa na swichi yake, iliyonunuliwa siku yake na kubandikwa popote palipopatikana nafasi. Usiku mmoja mume wangu alitaka za mbele akawasha ya nyuma, na dereva aliyetufuata akatupigia honi mpaka masikio yakaziba. Sikumlaumu.

Mwanetu wa pili ndiye aliyeamua kulitengeneza jambo hilo. Alimaliza kidato cha nne bila alama alizozitarajia, na tangu hapo hukaa katika kibanda cha mjomba wake akitengeneza simu. Kwa majuma matatu alilala chali chini ya dashibodi, na mkebe wangu wa plastiki wa kutilia mahamri, ambao niliutafuta nyumba nzima, niliukuta mle garini umetobolewa dirisha, na katika dirisha hilo pana kioo cha kugusa chenye vibonye vitatu.

Nilimwomba anieleze, naye akanieleza vizuri kuliko nilivyotarajia. Kioo, alisema, hakibebi umeme wa taa. Taa mbili za juu ni wati 36 kila moja, na kwa betri ya volti 12 hizo ni ampea 6. Umeme kiasi hicho ungekiunguza papo hapo. Kioo hutoa amri tu. Amri hupokewa na kompyuta ndogo isiyozidi kiganja, iitwayo Arduino, nayo hupeleka umeme hafifu kwenye rilei. Rilei ni swichi yenye sumaku ndani: sumaku ikiamka huvuta ulimi wa chuma, na umeme mzito hupita kutoka betri hadi taani kwa waya wake mnene. Karibu kabisa na betri ameweka fyuzi ya ampea 10, kwa sababu waya ukichubuka mbele ya fyuzi, fyuzi hukatika. Ukichubuka kabla yake, hapana cha kuuzuia moto. Kompyuta yenyewe hutaka volti 5 tu, na gari likinguruma hutoa karibu 14, basi katikati pana kifaa cha kuupunguza umeme.

Kioo chenyewe hakichukua cha aina ya simu. Hicho huhisi umeme wa kidole, na maji hukivuruga. Alichagua kile cha kubonyezwa, kinachokubali kidole chenye maji, ukucha, hata mkono wenye glavu.

Baba yake hakukipenda. Taa, alisema, ni kitu cha kuwashwa bila ya kukitazama, na mkono wake hauwezi kuupapasa ukuta mtupu wa kioo. Akataka ibakishwe swichi moja ya kawaida, iamrishe rilei ya taa za juu bila kupitia kompyuta. Kijana alinuna siku mbili. Siku ya tatu akaifunga, hakusema neno.

Tuliondoka baada ya swala ya alfajiri, lakini tairi ilipasuka kabla ya Garsen na saa zetu zikaliwa hapo. Tana tuliivuka alasiri, imejaa, rangi ya chai ya maziwa. Ng'ombe wa Waorma walikuwa wakipita barabarani kwa utulivu wa wenye nchi. Witu, ambako zamani Sultani Ahmed, aliyejulikana kwa jina la Simba, alikuwa na makao yake, na ambako Wajerumani waliweka himaya yao tangu 1885 hadi 1890, sisi tulipata nafasi ya kuswali magharibi na kunywa chai ya tangawizi tu.

Kisha udongo. Kijana alikuwa amekitayarishia kioo mwanga mdogo wa usiku, vibonye vyekundu, ili kisimwumize dereva macho. Kwa mwendo wa nusu saa kilifanya kazi kwa uzuri, nami nilimwona baba yake akikigusa mara mbili pasipo haja. Halafu tukaingia shimoni. Kioo kikawa cheupe, kompyuta ikazimika, rilei zote zikaachia kwa pamoja. Taa kubwa za gari zilibaki, zimepakwa tope, hazioni mbali. Mume wangu alipeleka mkono kwenye swichi, macho yake mbele, na taa za juu zikawaka.

Hatua chache mbele yetu kiboko alikuwa amesimama, ameiziba njia kwa ubavu wake. Tulisimama. Mle ndani hapakusikika ila vifuta maji. Alitutazama, akala majani kidogo ya kando, akashuka taratibu kuelekea mtoni.

"Waya umelegea," kijana alisema kwa sauti ndogo.

"Utaukaza tukifika," baba yake akamjibu. "Na zile taa nyingine nazo uzitilie swichi. Kioo kibaki."

Tulifika kwa mama giza limetanda, majirani wamekusanyika na tochi za simu zisizotosha hata kuonesha kizingiti. Taa ya nyuma haikuwa na swichi. Kijana aliingia chini ya dashibodi na bisibisi mdomoni, nasi tukangoja mvuani tukikishika kitanda. Mara ua wote ukawa mweupe, na wanaume wanne wakakiingiza kitanda bila kukigonga mlangoni.

Mama alipolazwa juu yake alivuta pumzi, akaupapasa ubao, kisha akasikiliza. Jogoo alikuwa akiwika.

"Zimeni hiyo taa yenu," alisema. "Kuku wanadhani kumekucha."