Mistari Miwili

Asubuhi ya kumi na moja mfululizo, mistari miwili ilitokea tena. Nilikuwa chooni kwenye nyumba yetu ya kupanga Sinza, kikombe cha plastiki mkononi, simu ikinihesabia dakika tano. Nikafungua daftari na kuandika: "Siku ya 19. Ndiyo." Kurasa za mbele za daftari hilo zilikuwa na maelezo ya somo la epidemiolojia. Za nyuma zilikuwa zangu.

Vijiti nilivinunua Kariakoo, duka la dawa ambalo hakuna anayenijua. "Dada, unataka cha mimba au cha yai?" muuzaji aliuliza kwa sauti iliyowafikia hata waliosubiri dawa ya kikohozi. Nikanong'ona: cha yai. Akanielekeza vizuri tu. Mstari wa pili ukikolea kama wa kwanza, yai litatoka ndani ya siku moja au moja na nusu. "Siku hiyo shemeji asisafiri," akasema, tukacheka wote.

Shemeji hakusafiri. Siku ya kwanza tulifurahi. Siku ya tano akaniuliza kama kipimo hicho hakina kasoro. Siku ya kumi na moja aliondoka kazini mapema kuliko kawaida, nami nikabaki na kijiti changu.

Nilikuwa na miaka 28, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya afya ya jamii, mwaka wa tatu wa ndoa. Kila Ijumaa mama mkwe alipiga simu kutoka Tanga. Alinisalimia, akauliza masomo, halafu akamalizia: "Mwanangu, bado mko wawili tu?" Hakuwahi kumuuliza mwanawe.

Daktari wa kwanza nilimsubiri saa nne kwenye benchi. Nilipotoa daftari na vijiti nilivyovifunga kwenye mfuko wa nailoni, alivisogeza kando kwa ncha ya kalamu. "Nani amekwambia ujipime?" Akasema anachoka na wanawake wanaokaa nyumbani miaka wakisoma mistari, halafu wanamfikia umri umeshakwenda. Nilitoka na karatasi ya vipimo ambayo sikuifanyia kazi kwa miezi miwili, kwa hasira tu.

Hasira hiyo ilipata silaha darasani. Mhadhiri alitueleza kwamba mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza vipimo vya nyumbani vya kutambua siku za yai vipatikane kama njia ya ziada ya watu kujisaidia. Nikapigia mstari neno "vipatikane" mara mbili. Neno "ziada" sikulipigia.

Wakati huohuo shoga yangu tuliyesoma naye shahada ya kwanza, sasa yuko London, alinitumia ujumbe usiku. Alikuwa amejichoma kidole, akaweka matone ya damu kwenye kichupa na kukituma kwa posta. Majibu yalirudi kwenye simu: AMH yake, homoni inayokadiria akiba ya mayai, iko chini. Hakuwa hata na mchumba, lakini alilia kama aliyefiwa. Nilimtafutia utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2017, uliofuatilia wanawake wapatao 750 wenye umri wa miaka 30 hadi 44 ambao hawakuwa na historia ya ugumba. Wenye AMH ya chini hawakuonekana kuwa na nafasi ndogo zaidi ya kushika mimba kwa njia ya kawaida. Homoni hiyo humsaidia daktari kukisia ovari zitaitikiaje dawa za kupandikiza mimba. Haimtabirii msichana kama atakuwa mama. "Mbona hawakuniandikia hivyo?" akauliza. Sikuwa na jibu, maana mimi mwenyewe nilikuwa na vijiti kumi na moja vilivyosema ndiyo.

Daktari wa pili alikuwa mama wa makamo, miwani imefungwa kamba shingoni. Alichukua daftari na kulisoma ukurasa kwa ukurasa.

"Haya yote umeandika mwenyewe?"

"Ndiyo, dokta."

"Na hedhi zako?"

Nikamwonyesha. Siku 41. Siku 53. Siku 38.

"Kijiti hakikudanganya," akasema. "Kinapima homoni ya LH kwenye mkojo. Kwa wengi hupanda ghafla katikati ya mzunguko, halafu yai likatoka. Yako huenda iko juu siku zote. Inapiga hodi, mlango haufunguki."

Baada ya picha ya utrasaundi na vipimo vya damu, tatizo likapata jina: PCOS, hitilafu ya homoni inayofanya yai lisipevuke kwa wakati wake. Zipo dawa za kulisaidia. Nilihisi nafuu, kisha aibu. Kijiti kilikuwa kimejibu swali dogo kwa uaminifu, ila mimi nilikipelekea swali kubwa. Na yule daktari wa kwanza, pamoja na ukali wake, alikuwa akiogopa kitu cha kweli. Ukijaribu mwaka mzima bila mimba, au miezi sita kama umefika miaka 35, inabidi uende kupimwa, hata kama mistari inakolea. Angelifungua tu daftari.

Nilikuwa nainuka aliponiuliza, "Na baba yuko wapi?"

"Yuko kazini."

"Namuuliza humu." Akagonga jalada la daftari. Kurasa zote hizo, mume wangu hakuwa na hata mstari mmoja.

Usiku nilimwambia. Alinyamaza, akazima taa, na gizani akasema, "Kwetu hakuna mtu wa namna hiyo." Sikubishana. Niliacha fomu ya maabara juu ya meza, chini ya funguo zake. Ilikaa pale siku sita.

Ijumaa simu ya Tanga ikaita. Kabla sijaifikia, aliipokea yeye, akasimama karibu na dirisha.

"Mama, shikamoo," akasema. "Jumatatu na mimi naenda kupima."

Mama mkwe akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama Dar mvua imeanza.